Kumi na Nne

Muuzaji alisema: kilomita themanini.
Hakusema na nani mgongoni,
wala hakuuliza kama Newala iko juu.

Nimejifunza mwenyewe, kwa kusukuma.
Gunia la korosho linakula saba.
Upepo wa mbele, tano.
Shemeji Nambunga akipanda na mbuzi wake
siangalii tena kioo,
nahesabu kwa tumbo.

Kutoka Kitangari napandisha polepole,
taa nimezima, simu nimeinyima chaji,
hata pumzi naivuta kidogo
kama nayo inatoka kwenye betri.

Juzi nilifika juu na kumi na nne.
Fundi Chilumba kashika waya mkononi, anacheka:
“Somoe, umeme umekatika tangu alfajiri.”

Nikashusha gunia. Nikanywa maji.
Nikageuza.

Kwenye mteremko nikalegeza mkono.
Pikipiki ikateleza kimya,
kuku wa njiani hawakushtuka,
na ile namba, mwanaharamu ile,
ikapanda: kumi na tano.
Kona ya mwisho, kumi na sita.

Mlima ulionikopesha kwa riba
ukaanza kulipa, senti kwa senti,
bila kudaiwa.

Nikafika nyumbani na chenji.