Nyota Mahali pa Herufi

Saa sita na robo usiku, Umoja,
tokeni imebaki yuniti mbili, friji nimeizima,
na mtandao unaniambia kwa adabu:
hakuna matokeo.

Hakuna matokeo! Na mimi ni nani basi,
niliyeketi hapa na pua yake?

Ngumbau wa Kilungya, nimeandika,
kama alivyotamka shangazi Syonthi kwenye simu,
kila herufi mahali pake, na hilo ndilo kosa.
Aliyejaza daftari hakumsikia shangazi.
Alimsikia mtu mmoja kati ya mia nne,
vumbi, foleni, wino unakauka kwenye nibu,
chakula chake cha mchana kinapoa.

Kwa hiyo najifunza kukosea kama yeye.
Nang'oa N mbele ya G.
Naweka R palipo na L, ingawa katika lugha yetu
R hubisha hodi asifunguliwe.
Gumbau. Gombo. Kirungu. Kilunga.
Na nisipojua hata namna ya kukosea
naweka nyota,
kile kinyota kidogo kinachokaa juu ya tarakimu nane,
ambacho mashine hukisoma: chochote kile.
G, nyota, mb, nyota.
Sijawahi kuliandika jina la mtu wangu
kwa ukweli kuliko hivyo.

Mwaka wa kuzaliwa? Kisanduku kinataka tarakimu nne.
Shangazi ana njaa tu ya kunipa:
"Aliachishwa ziwa wakati wa Ngomanisye."
Nahesabu kwa vidole, nabahatisha,
natanua miaka mitano huku, mitano kule,
kama mtu anayepapasa gizani
asigonge kabati.

Majina elfu mbili mia sita.
Nayapitia mpaka macho yanawasha. Si yeye. Si yeye.
Huyu angekuwa yeye, lakini katokea Kisii.

Nampigia tena. Hajalala, miguu inamuuma.
Safari hii simuulizi habari za Ngumbau, zimekwisha.
Namuuliza: aliondoka na nani?
Kimya. Redio yake kwa mbali. Kisha:
"Mbithuka, yule wa mbuzi wa pembe moja.
Baba alisema hawakuachana hata kwa deni."

Waliotoka pamoja walipanga foleni pamoja,
na karani hakuwa na sababu ya kuwatenganisha.

Mbituka. Ukurasa wa mia moja na tisa, picha ina ukungu.
Na chini yake, mstari unaofuata,
mwandiko ule ule ulioinamia kulia:
Gumbo Kirungo. Mpagazi. Namba.
Safu ya malipo: hayajachukuliwa.
Safu ya mwisho: kistari.

Nilitaka kumlaani yule karani.
Maneno nilikuwa nayo, ya Kikamba, yenye uzito.
Lakini saa mbili asubuhi mimi hukaa dirisha la nne,
hospitali ya uzazi, usajili wa watoto,
foleni mpaka kwenye ngazi, kompyuta inakwama,
chai yangu inapoa,
na Ijumaa iliyopita
mama mmoja kutoka pande za Marsabit
alitaja jina mara mbili
nami nikaandika lililo karibu.

Stima ikakatika nikiwa hapo hapo.

Leo, wa kwanza dirishani alikuwa kijana
mwenye karatasi iliyokunjwa mara nne.
Nikamwambia, lirudie, baba. Polepole.
Walio nyuma wakaanza kuguna.
Nikamwambia, tena.

Mchana, wenzangu walipokwenda kula,
nilifungua fomu za Ijumaa.
Ziko hamsini na tatu.
Namkumbuka leso yake ya zambarau,
nakumbuka mtoto alikuwa anapiga chafya.
Jina, alivyolisema, silikumbuki.
Kisanduku cha kutafuta kinapepesa
na kidole changu kimeshafika
juu ya nane.