Tanga Lililokwenda kwa Miguu

Kazi yangu ni kuandika upepo.
Saa tatu, saa sita, saa tisa natoka uani
pale uwanja wa ndege, Tabora,
natazama mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti,
umevimba au umelala, naandika:
mashariki, fundo nane.
Fundo! Mahali ambapo maji makubwa
ni bwawa la Igombe.

Nyumbani kwetu ni Ng'ambo.
Nilipokuwa mdogo nikauliza, ng'ambo ya maji gani?
Bibi Kalunde akajibu, huku anapepeta karanga:
"Ya maji waliyokuja nayo mdomoni."

Maneno yalifika huku kwa mguu,
pamoja na chumvi na shanga,
na walioyabeba hawakuwa mabaharia.
Mpwani akisema tweka, tanga linapanda.
Mnyamwezi akasikia twika, akainama,
robota likapanda begani.
Lakini jua likichwa wote wawili walisema tua,
na kitu kizito kikashuka.

Babu yake Bibi, Mpandashalo,
alitwikwa tanga.
La mashua ya mtu wa Ujiji, jipya, limekunjwa,
limefungwa kwa kamba ya usumba.
Miezi mitatu na siku zake, bega la kulia, bega la kushoto.
Na upepo? Ulikuwepo, huu huu ninaouandika,
wa mashariki, wa kisogoni,
ambao nahodha angeutolea sadaka.
Uliambulia kaniki yake kuipeperusha.
Tanga lenyewe limelala fofofo mgongoni mwa mtu,
linapelekwa majini na nyayo.

(Watu husema upepo mwema. Kwa nani?
Waliorudi pwani na pembe
upepo uleule uliwatia mchanga machoni.)

Mgunda Mkali, mwenzake Mlekwa
aliishiwa maji, kisha pumzi.
Sanda hakuna.
Mpandashalo akafungua kamba,
akakunjua, akapima mikono minne, akachana kwa kisu.
Mnyapara akafoka. Ujira wake, doti kwa doti, ukafutwa.
Akalikunja lililobaki, akalibeba mpaka Ujiji bure,
akasimama ufukoni alione likitwekwa.
Lilijaa. Mashua ikaondoka.
Na pale pembeni palipochanwa
upepo ukawa unapita tu,
kama mtu anayejua anakokwenda.

Bibi alinisimulia haya mara mbili.
Mara ya pili akasema mikono mitano.
Nikamkumbusha, ulisema minne.
"Mlekwa alikuwa mrefu," akasema,
akaendelea na ungo wake.

Jumanne tumeanua matanga yake.
Mikeka imekung'utwa, sufuria za majirani zimerudi,
kila anayeaga anasema Mungu amlaze pema peponi,
wala hasikii upepo uliomo ndani ya neno hilo.
Shangazi Nyamizi akauliza
kwa nini kilio kiitwe matanga, huku bara.
Hakuna aliyejua. Shehe akakuna ndevu,
akasema labda huko pwani wafiwa walilalia
matanga ya vyombo.
Labda.
Mimi nilinyamaza, na mikono minne yangu kifuani.

Palibaki debe la karanga lisilopepetwa.
Nikachukua ungo wake.
Saa saba, shuwari, hata jani halichezi,
nikasimama na ungo hewani
kama mjinga, watoto wakinicheka.

Ukaja.
Sikuupima. Sijui fundo ngapi.
Maganda yakainuka, yakavuka ua, yakavuka reli,
yakashika njia ya Kigoma;
na karanga, moja moja,
zikatua.