Hesabu ya Alhamisi

Tendo amenipa ufunguo kwa siku sita.
"Lilale kwako," akasema. "Ukilikataa, sitanuna."
Gari dogo, rangi ya maziwa yaliyoungua,
limetembea Japani miaka minane,
na hadi leo linanisalimu kwa Kijapani
kila nikiliwasha.

Nimegeuza daftari la Naigaga, ukurasa wa mwisho,
nikaandika kwa penseli yake iliyotafunwa:
Walukuba hadi kiwandani Lugazi, thelathini na nane.
Kurudi, vilevile.
Sabini na sita.
Betri ikishiba, kioo kinasema mia na kumi na nane,
ila betri ya mtumba huahidi kama mgombea:
toa nane kwa mvua,
toa tano kwa taa na waipa,
toa tano nyingine kwa vilima vya Mabira.
Mia.
Bado inanitosha, na chenji inabaki.

Jumatatu nilivuka daraja bila mngurumo.
Chini yangu Naili ilikuwa ikienda zake mitamboni,
nami nikawaza: ndiyo hii niliyoinywesha gari jana usiku
kwa waya uliopita dirishani kwa Naigaga.
Nikajiona tajiri hadi Njeru.

Usiku ule umeme ukakatika.
Bwawa liko mwendo wa baiskeli kutoka kwetu
na bado tunapapasa kiberiti.
Okurut akacheka ng'ambo ya ukuta:
"Jirani! Leo utalisukuma!"
Sikulala. Saa kumi alfajiri friji ikakohoa,
nikatoka na kanga begani,
nikaona kijitaa cha buluu kinapepesa gizani,
haba, na haba, na haba.

Jumatano, Najjembe, wauza gonja hawakunikimbilia.
Wamezoea kusikia injini kabla ya kuona gari.
Binti mmoja akageuka, akaruka na sinia lake:
"Mama we! Unanyemelea kama paka!"
Nikanunua gonja tatu kwa kuomba radhi.
Ndani ya msitu nikashusha kioo.
Miaka kumi na moja napita pale
sikujua kuna ndege.

Isabirye akapitia hesabu, kidole juu ya kila tarakimu.
"Sabini na sita kwa mia. Unangoja nini?
Petroli inakula ada ya mtoto."
Nikasema nangoja kuona Alhamisi.
"Alhamisi ina nini? Barabara si ile ile?"

Alhamisi huwa namwambia kuna kazi ya ziada.
Kazi yenyewe ni mzee mmoja huko Mukono,
kilomita ishirini na tano mbele ya Lugazi,
aliyemfukuza Isabirye uani siku ya posa,
yeye na wajomba zake na mbuzi wao,
akaapa hatanijua tena.
Kiapo kimetimia kwa njia yake.
Namkata kucha. Namlisha uji.
Ananitazama vizuri, kama mgeni mwenye adabu:
"Una mume, binti?"
"Ninaye."
"Mtu mwema?"
"Mwema."
Hufurahi sana, hunishika mkono.
Wiki ijayo huuliza upya, na hufurahi upya.

Mia na ishirini na sita.
Hakuna kilima cha kukwepa kinachoweza kuipunguza.
Gari la zamani halikuwahi kuniuliza naenda wapi;
nililijaza, likanyamaza.
Hili linataka kujua kila kituo cha moyo wangu
kabla hatujatoka getini.

Ijumaa usiku nikachukua penseli.
Chini ya jumla, kwa mwandiko mdogo:
Alhamisi. Mukono, kwa baba. Hamsini, kwenda na kurudi.
Nikaacha daftari wazi mezani
nikaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Umeme ulikuwa umekatika tena.
Nikaona mwanga wa simu yake ukishuka ukurasani,
ukasimama pale chini.
Ukakaa.
Nikasuuza kikombe kile kile.

Halafu sauti yake, kavu kidogo:
"Hapo kiwandani,
kwenye ghala la Wandera,
kuna soketi?"