Usilitaje Likisikia

Habari ya kuuza hatukuizungumzia uani.
Subilaga alinivuta hadi jikoni, akafunga dirisha,
akachochea moto ili sufuria ichemke kwa kelele,
ndipo akanong'ona: "Milioni nne na nusu. Usishuke."
Tena kwa Kinyakyusa,
maana Stauti, alidai, lilitoka Japani kwa meli,
Kiswahili limeokota barabarani kwa matusi ya matingo,
lugha ya nyumbani haliijui.

Labda lilikuwa limeijua zamani.
Miaka kumi na tisa, Isyonje hadi Uyole,
lumbesa za viazi mgongoni
na juu ya lumbesa akina mama wa Ndaga
wakiwachambua waume zao mmoja mmoja:
nani aliliziba masikio?

Kulipokucha stata ilitafuna changarawe,
kisha kimya.
Nilimwaga maji ya moto kwenye vichwa vya betri,
nikalisemesha polepole kama ng'ombe aliyezaa jana.
Kimya.
Julai ya Uyole hupasua midomo; nikajiambia ni baridi.

Ambakisye fundi alilala chini ya injini nusu saa,
akatoka hana jibu, ana swali:
"Mwakyoma, umelitaja?"
Nikasema hapana.
"Umelitaja. La mwalimu wa Igawilo lilikata ekseli
dalali alipokanyaga tu uani.
La mchungaji lilizima taa zote mbili,
na mchungaji alikuwa kwenye mfungo."
Akafuta mikono kwenye suruali.
"Libembeleze. Liambie unalinunulia tairi."

Nikanunua tairi.
Moja, kuukuu, pale Mwanjelwa,
nikaliegemeza ukutani mbele ya taa zake, lilione.
Likawaka.

Subilaga alicheka hadi akashika mlango.
"Hata mimi ningegoma," alisema,
"nikisikia naondolewa ili kije Kirikuu,
kikombe chenye magurudumu!
Na gari lenyewe ndilo lililonibeba usiku ule…"
Akanyamaza.
Akinyamaza hapo huwa sitii neno.
Usiku ule ukungu ulilala juu ya boneti,
taa hazikuona hata jiwe la mbele,
na Ipyana hakungoja tufike Makandana.
Alilia mara ya kwanza kwenye kiti cha dereva msaidizi.
Sasa nusu ya bei ni ada yake ya chuo.

Kikoti wa Mafinga alikuja Jumamosi,
koti lake likinuka mbao mbichi.
Nilikuwa na uongo tayari: likigoma, mafuta machafu;
likikohoa, baridi.
Ambakisye alijibanza nyuma ya banda la kuku
na waya wa kubusti.
Subilaga alifumba macho akaomba,
sikujua anaomba liwake au ligome,
na sikuthubutu kuuliza.
Kikoti akasogeza kiti, akageuza ufunguo.

Mara moja.
Liliwaka mara moja, kama kijana aliyeitwa ngomani.
Halikukohoa. Halikutoa moshi.
Hata mlango wa kushoto, ambao mlio wake
naukumbuka kuliko sauti ya baba yangu,
ulinyamaza.
Likapita kanisani, likashika lami ya Makambako,
na kwenye kona likapiga honi.
Honi ile ilikufa mwaka juzi.

Ambakisye alitoka mafichoni, unyoya begani.
"Limekasirika," akasema.
"Lilituchoka tu," akasema Subilaga, akaingia ndani.
Mimi nilihesabu noti, nikakosea,
nikaanza tena.

Kirikuu kimefika. Kimeegeshwa juu ya doa la oili,
hakitoshi kulifunika.
Tairi la Mwanjelwa liko palepale ukutani;
Kikoti alilisahau, au mimi sikumkumbusha.
Kuku ametaga ndani yake.