Februari Nitairudia

Kipeperushi kimerudi kutoka kwa mchapaji leo asubuhi,
kimekunjwa mara tatu, karatasi nyepesi kuliko ya mwaka jana,
na jina la Saskatchewan limekosewa herufi moja.
Hatuchapi upya. Pesa za kuchapa upya
zimepanda juu ya paa.

Ukumbi wetu ulikuwa duka la misumari na rangi.
Siku za joto bado unanuka tapentaini.
Viti themanini na vinne; cha safu ya tatu, pembeni,
kimefungwa kamba. Kiliwahi kumwangusha mke wa meya,
naye akacheka kuliko waliolipa kucheka.

Basi, msimu ndio huu.

Oktoba, ngano ikishaingia ghalani,
Bwana Harusi wa Tatu. Vichekesho. Vinataka milango mitano
na sisi tunayo miwili. Fundi Orest alishika kiuno,
akaitazama michoro, akasema:
"Wengine wataingilia dirishani."

Desemba, mchezo wa nyimbo, wa watoto:
katapila la theluji linapotea njia usiku wa Krismasi.
Watoto thelathini na wanane jukwaani,
asiyejua kuimba atakuwa mti.
Mwekahazina wetu, Verna Kachur, aliupigia kura
kwa mikono miwili. Kila mtoto ana bibi wawili,
na kila bibi ana pochi.

Februari nitairudia.

Aprili, muziki wa watu wazima, Reli Haipiti Tena,
nyimbo kumi na moja, na mpiga piano hakuna.
Tuliyekuwa naye kaolewa Regina.
Tumebandika tangazo kanisani, kwa muuza mbegu, kwa daktari wa ng'ombe.
Aliyejitokeza ni kijana wa miaka kumi na minne
mwenye kodiani, na anaipiga vizuri mno,
kwa hiyo nyimbo zote zinaandikwa upya
ziweze kupumua.

Juni, kipeperushi kinasema "Itatangazwa".
Maana yake: tukiwa bado tupo.

Haya, Februari.
Nyuzi thelathini chini ya sifuri,
magari yamechomekwa kwenye umeme kama wagonjwa,
watu ishirini wakija tunauita umati.
Ndiyo maana kila Februari tunacheza mchezo wa watu wawili.
Safari hii ni Jiko la Kuni. Mume na mke, usiku mmoja,
na mume analitafuta jina la mkewe.

Mume ni Delmer Hnatiuk. Aliuchagua mwenyewe,
akauweka mezani kikaoni,
akanitazama mimi, si wao.

Kazi yangu ni kunong'oneza. Nakaa nyuma ya pazia la kushoto,
mswada mapajani, tochi ndogo mkononi.
Miaka kumi na tisa, nimejifunza jambo moja tu:
kuna kimya kilichoandikwa,
na kuna kimya cha mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta.
Kwa masikio ya ukumbini ni kimya kilekile.
Kwangu mimi, cha pili kina pumzi fupi.

Msimu wa juzi nilimpa Delmer neno.
Msimu wa jana, sentensi.
Machi iliyopita, karibu ukurasa mzima,
punje kwa punje, kama anayelisha ndege,
naye akazipokea bila kugeuza shingo,
na watu wakasimama kumpigia makofi.
Sikumwambia mtu. Hata yeye.

Sasa atasimama mbele ya jiko la bati
alitafute jina, na hakuna atakayejua
anayesahau ni mhusika au ni Delmer.
Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.
Hii ameiwamba ikawambika.

Mazoezi yanaanza Alhamisi. Mswada wangu tayari
una alama nyekundu kila penye kimya: ishirini na sita.
Cha mwisho kimeandikwa hivi:
Hakumbuki. Taa zinazimika.

Hapo sina cha kunong'oneza.
Nimeandika kitu hata hivyo, kwa penseli, pambizoni:
gizani, hatua nne kushoto.
Mkono wangu utakuwa umenyooshwa.