Bega la Ndani

Wanaume wamelizunguka, mikono mifukoni,
kama watu waliofika msibani mwa jirani wasiyempenda.
Wylene Hutto amepiga magoti, kurunzi mdomoni,
mkono wa kushoto umezama hadi kiwiko
ndani ya tairi lililokufa.

“Lilikanyaga chuma,” anasema mmoja.
Kila Jumapili hukanyaga chuma.
Ukiyasadiki maneno ya gereji hii
uwanja wa Marlow umetandikwa misumari, si lami.

Wylene hajibu. Anapapasa.
Ni mbele kulia. Karibu kila mara ni mbele kulia:
gari linalokata kushoto mchana kutwa
humtupia huyu mmoja uzito wote,
naye hana wa kupokezana naye.

Nyie wa majukwaani mlisikia kishindo,
mkaona moshi, na namba 58 ikienda ukutani kama mlevi aliyesukumwa.
Mkasema, ghafla!
Huku chini kulianza asubuhi, umande ukiwa bado kwenye misonobari.
“Toa mbili,” alisema Coy Bledsoe, mkuu wa mafundi,
bila kuinua macho kwenye karatasi zake.
Tairi lenye upepo kidogo hung'ang'ania lami.
Wylene akatoa paundi mbili. Psss.
Pumzi ndogo, mshumaa usingezimika.

Chukua kipande cha waya.
Kipinde, kinyooshe, kipinde, kinyooshe.
Kabla hakijakatika, gusa pale kwenye kunyanzi:
kinaunguza.
Basi hivyo ndivyo ubavu wa tairi lisiloshiba,
kona nne kila mzunguko, mizunguko mia mbili na kumi na tatu,
na lami yenyewe kuukuu, mchanga wake umechomoza,
inalamba mpira kama ulimi wa paka.

Tena walikuwa wameliinamisha, kichwa ndani,
ili kwenye kona lisimame wima.
Kwenye kona, sawa. Kwenye nyoofu hutembelea ukingo,
na ukingo huo hauonekani na mtu
mpaka ulale chini ya gari.
Kikulacho, wahenga walisema, kiko wapi?

Vidole vyake vimeufikia.
Bega la ndani. Mpira umegeuka samawati kwa kuungua,
nyuzi zimetoka nje kama ndevu za mahindi.
Hapana msumari. Hapana chuma.

Na yeye alijua.
Mzunguko wa mia na sitini walimletea lililotangulia;
akalikwangua, akatia kipimo kwenye vitundu vitatu:
nje, kumejaa. Kati, kumejaa.
Ndani, sindano iligota kabla haijaingia.
Aliandika sifuri kwa penseli, sifuri ndogo.
Walikuwa wa tatu.
Nani hupaza sauti akiwa wa tatu?

Fomu ina mstari mmoja palipoandikwa *Sababu*.
Anaandika: upepo. Anafuta.
Anaandika: mwinamo. Anafuta.
Joto, lami, breki, Coy,
karatasi sasa imeota manyoya.

Garland anaingia kutoka kwa daktari,
mkono wa kulia kwenye kombeo, mtulinga umevunjika,
mfuko wa njugu za kuchemsha umebanwa kwapani.
Mdogo wake huyu; alimfundisha kubadilisha tairi
akiwa bado ananyonya kidole.
Anachuchumaa kwa shida.
“Lilitetemeka,” anasema polepole, Coy asisikie.
“Mizunguko mitano kabla. Nililihisi mikononi.
Nikajiambia ni lami tu.”

Dada anamtazama.
Anatoa kurunzi mdomoni, anaipangusa kwenye suruali.
Anachukua njugu moja, anaimenya, inadondosha maji ya chumvi
juu ya ule mstari mtupu.

Nje wanapakia lori. Matairi ya Jumapili ijayo
yamepangwa manne manne, meusi, yananukia upya,
na Coy anaita, “Wylene! Haya nayo, toa mbili?”