Ndiyo ya M'Balagizi

Alipanda ngazi za udongo za Kadutu
mguu mmoja umezongwa kipande cha kitenge,
na kwenye paji la uso ule mfereji
ambao kamba huuchimba polepole
kwa mwanamke abebaye makala ya wengine
tangu hajavunja ungo.

Benchi lilikuwa na watu thelathini na tisa.
Mvua iligonga mabati kama mwenye kudai deni,
kalamu yangu ilikwaruza bila wino.
Nikasema, macho yangu daftarini:
"Kimoja kila baada ya chakula. Siku saba.
Umeelewa, mama?"
"Ndiyo."
"Anayefuata!"

Nusu dakika.
Nilijisifu kwa mwendo ule.

Siku ya nane akaletwa mgongoni mwa Cishugi, mwanawe,
mguu umeumuka, ngozi inang'aa.
Akafungua fundo kwenye ncha ya kitenge,
fundo la kufungia pesa za watu,
akanihesabia mkononi
vidonge kumi na vinne.

Nikafoka. Sitaficha: nilifoka
mbele ya mwanawe, mbele ya benchi zima.
"Si nilikwambia kila baada ya chakula!"

Hakuinua sauti.
"Muganga, nilifanya ulivyosema.
Chakula kwangu kinakuja usiku, makala yakishauzwa.
Siku saba, sahani saba, vidonge saba.
Hivi vingine nimekurudishia.
Pengine yuko anayekula kunizidi."

Mvua haikuwepo siku ile.
Ningeitamani, ifunike kile kimya.

Ntakwinja, aliyevaa kanzu nyeupe
kabla mimi sijazaliwa,
hakunigombeza. Alivuta kigoda,
akakaa chini kuliko mgonjwa,
akamsalimu kwa Kimashi, *asinge*,
akamuuliza gunia la makala limefika bei gani
na nani anamsaidia kulitua.
Nikawaza: tunapoteza wakati.
Kumbe ndiyo dawa ilikuwa inaanza kumezwa.

"Jua likichomoza unakuwa wapi?"
"Njiani."
"Likisimama utosini?"
"Sokoni."
"Likizama?"
"Jikoni, kama kuna cha kupika."
"Basi hivi vipya havingoji sahani. Vinafuata jua.
Kimoja njiani, kimoja sokoni, kimoja jikoni,
hata chungu kikiwa kitupu.
Sasa mimi ndimi Cishugi. Nimekukuta nyumbani,
nakuuliza: mama, wamekwambiaje?"

Akaeleza. Akakosea:
siku ya soko kubwa angemeza vyote vitatu alfajiri
asije akasahau.
Hakuna aliyecheka.
"Sikusema vizuri," Ntakwinja akamwambia,
kosa akalichukua yeye, akalibeba kwa paji lake mwenyewe,
wakaanza tena kutoka njiani.

Vidole viwili vya mguu vilibaki kwetu.
Mguu wenyewe uliondoka naye.

Nimeijua tangu hapo ile *ndiyo*
ambayo mtu huitoa kwa adabu
kama kumfungia mgeni mlango taratibu,
ndiyo ya aliye na aibu ya kuuliza,
ndiyo ya anayeona foleni nyuma yake
na kiatu cha muganga kikigonga sakafu.
Neno "umeelewa" nimelifunga fundo, silitoi.
Zipo siku, ndani ya zamu ya usiku,
hunichomoka hata hivyo. Hulirudisha
na kuvuta kigoda.

Jana nimekutana naye kwenye mteremko wa soko,
gunia mgongoni, mwendo wake sasa una kigugumizi.
"Muganga Nsimire, umekula leo?"
"Ndiyo," nikajibu, mguu wangu tayari unaondoka.

Akasimama.
Akalitua gunia juu ya jiwe,
akalegeza kamba pajini,
akanitazama,
akangoja jibu lingine.